Usukani wa Gari Jekundu

Nilikuwa katika gereji moja hapa Likasi, mtoto mgongoni, nimepeleka pikipiki ya mume wangu, alipoingia mzee na gari lake jekundu la zamani, lile la mashindano, lenye viti viwili. Mke wake alikuwa pembeni yake, ameshika mlango kwa mikono yote miwili.

"Volani iko nguvu," mzee alimwambia fundi, akiugonga usukani kuonyesha ulivyo mgumu. "Kwa kona ya Kambove tulikuwa karibu kuanguka."

Fundi alikagua mafuta ya usukani, mkanda na pompa. Akauzungusha usukani mwenyewe, ukaenda vizuri. Ndipo akaona mkono wa kuume wa mzee unavyotetemeka. Mke akamtikisia kichwa kwa siri: usimwambie. Nami nikatazama chini.

"Gari ndiyo imechoka, Papa," fundi alisema polepole. "Nitatoa hii pompa, niweke moteri ya umeme ya kusaidia volani. Itakuwa mwepesi."

Nilipofuata pikipiki siku chache baadaye, wao pia walikuwepo. Mke wa mzee alikuwa na hofu usoni, maana usukani mwepesi hauponyi mkono. Mzee aliuzungusha kwa kidole kimoja, akatabasamu, akashuka, akampa mke wake ufunguo aendeshe yeye.

"Mama, kuya kwa volani. Mbele ya hii moteri ilikuwa nguvu kwa weye. Mukono yangu, miye nilishajua zamani."

Kumbe tulikuwa watu watatu tunamficha mzee mkono wake mwenyewe. Fundi aliinama kutafuta spana, nayo alikuwa ameishika.