Mchango wa Illuminée

Illuminée alikulia Bujumbura, akarudi Kigali na stashahada ya maabara, na kwa miaka kumi na tisa kazi yake imekuwa ile ile: kupasua matumbo ya popo na kuhesabu minyoo inayoishi humo. Anaichomoa kwa koleo ndogo, anaitia kwenye spiriti, anabandika lebo. Popo mmoja tu aliwahi kumpa thelathini na minne.

Kazi hiyo ilimfanya mgumu kwa majirani. Mtaa wake wote wa Kagugu ulijua kwamba hagusi kachumbari ya watu. Shakira, jirani mwenye duka la dawa, alipomwalika sikukuu ya Idi, Illuminée alikula wali mtupu, kisha akawakagua watoto kucha.

"Mama Natacha, hapa si maabara," Shakira alimwambia.

"Yai la mnyoo halijui hapa ni wapi."

Saladi aliyoiamini ni ya bustani yake mwenyewe kule Gahanga, inayomwagiliwa maji ya bondeni. Hiyo aliisuuza mara moja tu. Ya nini zaidi, na aliyeipanda ni yeye?

Mwezi wa tatu tumbo likaanza kumsokota. Hakuwa na shaka: minyoo ya popo imemhamia. Akamhamishia mumewe sebuleni, akatenga sahani yake, akamwandikia mkuu wake, Daktari Viateur, barua ya kuaga yenye maelezo ya funguo za kabati. Ndipo akachukua choo chake, akakitazama kwa hadubini. Mayai ya kahawia, ganda nene lenye vinundu. Aliyatambua kabla hajakaa vizuri kitini. Mchango, mnyoo ule wa kawaida wa watoto wa shule.

Dukani kwa Shakira aliingia akinong'ona. Shakira hakucheka. Alimpa kidonge cha kutafuna chenye ladha ya chungwa, akamuuliza anachowauliza wateja wote:

"Mikono unanawa kwa sabuni?"

"Nanawa," Illuminée alijibu, macho chini.

Siku ya pili mnyoo ukatoka, mzima. Kuutupa hakuweza; akaupeleka kazini. Daktari Viateur alifurahi mno.

"Wa binadamu hatukuwa nao! Tuuhifadhi?"

"Uhifadhi, Daktari, ila jina langu lisiandikwe."

Daktari ni mtu wa kutunza ahadi. Jina hakuliandika. Kwenye lebo aliandika: "Mwanamke, miaka 52, mkazi wa Kagugu, fundi wa maabara hii."