Mashina Matatu Nyuma ya Zizi

Gaudence amekuwa mgambo wa kijiji kwa miaka kumi na minne, na katika miaka hiyo yote hajawahi kumpiga mtu hata kibao. Huku Keza wanamtambulisha hivyo: yule mgambo asiyepiga. Ana shamba la migomba na maharage, ana mbuzi sita na mke aitwaye Anneth, na ana filimbi ambayo huipuliza kwa nadra mpaka siku moja alikuta buibui amejenga ndani yake. Akimkamata mwizi wa ndizi, humpeleka ofisini wakiongea habari za mvua, na wakifika mwizi mwenyewe ndiye anayebisha hodi.

Siku moja tu kazi hiyo ilimtia hofu, nayo ni Jumanne ya mkutano wa kijiji.

Mkutano ulifanyika uwanja wa shule. Mtendaji wa kijiji, Joyceline, binti aliyehamishiwa hapa kutoka Mabawe, alisoma barua ya wilaya: kesho yake saa tatu asubuhi kungekuwa na msako wa bangi nyumba kwa nyumba. Atakayekutwa analima, hata shina moja, atapelekwa polisi, na kwa kulima sheria inasema miaka thelathini.

Elick, kijana aliyemaliza chuo mwaka jana, alisimama kabla barua haijakunjwa. Aliuliza inakuwaje ng'ambo ya mpaka wa Rusumo serikali ya huko imezipa kampuni leseni ya kulima mmea huohuo kwa ajili ya dawa, na huku kwetu mtu akiwa nao anafungwa mpaka meno yanamtoka. Vijana walipiga makofi. Mtu mmoja nyuma alimuuliza kama hiyo leseni ameibeba mfukoni au amebeba mbegu. Mama mmoja akasema kinachovunja nyumba hapa kijijini ni pombe ya ndizi, na hajawahi kumwona mgambo aking'oa mgomba. Watu walicheka, na Gaudence alicheka pamoja nao, ingawa kicheko hakikufika mbali.

Kisha akasimama mzee Bernardo. Mwanawe wa kwanza, Renatus, alianza kuvuta bangi akiwa na miaka kumi na minne. Sasa ni mtu mzima anayetembea barabara ya kwenda Mbuba akiongea peke yake. Kila mtu alijua mzee atasema nini.

"Mimi nataka ing'olewe yote," alisema. "Hizo kampuni wabaki nazo hukohuko. Lakini mwanangu alipoharibikiwa sikutafuta gereza, nilitafuta daktari. Mkiwafunga majirani zangu, Renatus atapona?"

Baada ya hapo mambo yalikwenda haraka. Mkutano ulikubaliana kwamba atakayeileta bangi yake ofisini kwa mkono wake mwenyewe, kabla msako haujaanza, itachomwa na jina lake halitaandikwa. Joyceline alitafuna kalamu kwa muda mrefu, kwa sababu jambo hilo halikuwamo kwenye barua. Mwishowe alisema barua inamwamuru atafute kuanzia saa tatu, na haimwambii chochote kuhusu saa mbili.

Watu walitawanyika wakiwa wepesi. Gaudence alibaki amesimama, kwa sababu alikuwa anajua mahali penye mashina matatu. Yalikuwa nyuma ya zizi la mbuzi la Marsiana, mama mkwe wake.

Aliyajua tangu masika. Mbuzi wake jike alivimba tumbo mpaka akalala chali, na Anneth akakimbilia kwa mama yake, akarudi na majani kwenye fundo la kanga. Aliyachemsha, mbuzi akanyweshwa, na jioni alikuwa anacheua kama kawaida. Gaudence aliyaona majani hayo na kuyatambua. Ameyang'oa kwenye mashamba ya watu mara nyingi. Akajiambia kwamba alichokiona ni dawa, basi, akaenda kupalilia.

Marsiana hakuja mkutanoni kwa sababu ya magoti. Na hata angeambiwa kwamba bangi inatafutwa, asingeshtuka. Kwake yeye, bangi ni kile kitu wanachosokota vijana wa barabarani. Kilicho nyuma ya zizi lake ni urumogi, dawa ya mbuzi, aliyoachiwa na mama yake. Gaudence aliona kabisa jinsi kesho itakavyokuwa: bibi angewakaribisha wasakaji kwa uji, kisha angewapeleka yeye mwenyewe nyuma ya zizi na kuwaeleza inavyochemshwa.

Anneth alikuwa Biharamulo, akimuuguza dada yake aliyejifungua, na simu haikupatikana. Hapo ndipo palipokuwa na kazi. Huku, mkwe wa kiume hasimami uso kwa uso na mama mkwe. Haingii uani kwake bila kuitwa, wala hamwambii fanya hiki, acha kile. Neno linapitia kwa mke. Kwa miaka kumi na miwili ya ndoa, Gaudence alikuwa amemwona Marsiana kwa jicho la pembeni tu. Kumtuma jirani nako kungekuwa kutengeneza shahidi.

Saa kumi na moja jioni alikwenda mwenyewe. Alisimama nje ya ua wa minyaa, akaupa mgongo, akakohoa. Pembeni alikuwa amefungwa mbuzi jike mweusi, anatafuna. Gaudence akamwelekea yeye.

"Wewe mbuzi, mfikishie mama shikamoo yangu."

Ndani ya ua, ufagio ulisimama. "Mbuzi, mwambie marahaba. Muulize Anneth amerudi?"

"Mwambie bado. Mwambie kesho saa tatu kuna msako wa bangi."

"Mwambie huku hakuna anayevuta. Labda waanzie kwake."

"Mbuzi," Gaudence alisema polepole, "ile dawa ya nyuma ya zizi ndiyo wanayoitafuta. Ing'olewe leo, ipelekwe ofisini asubuhi, na hakuna atakayeandikwa."

Marsiana akamweleza mbuzi mambo mengi. Kwamba dawa ile ilipandwa kabla ofisi hiyo haijapata bati. Kwamba imeponya mbuzi wa mteremko mzima, wakiwemo mbuzi wa watu fulani ambao leo wamekuja kumfundisha. Kwamba yeye hajamwibia mtu wala hajamuuzia mtu. Ufagio ukaanza tena, kwa nguvu.

Kila alichosema kilikuwa kweli, na hilo ndilo lililomchoma Gaudence. Alimkumbuka Renatus barabarani, akaona mzee Bernardo ana haki: mmea huu usikae mahali mtoto anaweza kuufikia. Lakini ni sheria ya namna gani inayompima bibi wa mbuzi kwa mizani ya mwenye lori la magunia? Sheria yenye macho ingepita nyuma ya zizi hili, ikacheka, ikaendelea na safari. Hii haina macho. Macho yake kesho yatakuwa ya Gaudence.

Akageuka.

Marsiana alikuwa mdogo kuliko alivyomdhania, ana mistari myembamba pande zote za mdomo, ile ile ya Anneth anapokasirika. Mkono wake ulirukia kanga kujifunika, ukaishia njiani.

"Mama, ni miaka thelathini."

"Nina sabini na moja," alisema Marsiana. "Itakayobaki watamdai nani?"

"Mgambo wa kijiji ni mmoja. Mikono yako nitaifunga mimi."

Marsiana aliitazama mikono ya mkwe wake. Kisha akavuta kanga mpaka puani, akaingia ndani.

Asubuhi, mbele ya ofisi palikuwa na rundo dogo: mafungu mawili yaliyoviringishwa kwenye gazeti, na mfuko wa sandarusi ambao hakuna aliyekiri kuuleta. Mzee Bernardo alikaa kwenye benchi akiwa na kibiriti, kwa kuwa alikuwa ameomba kuuwasha moto yeye. Gaudence aliangalia barabara. Saa mbili na nusu ikapita. Zilipobaki dakika kumi, Joyceline alimwambia aandae filimbi, naye akaipapasa mfukoni kama mtu anayetafuta kitu asichotaka kukiona.

Ndipo alipomwona. Anakuja polepole, mkono mmoja kwenye mpini wa jembe, na kichwani mashina matatu marefu, mizizi ikiwa bado na udongo, hayakufunikwa na chochote.

"Bibi," kijana mmoja alisema, "kumbe ndiyo maana unacheka peke yako?"

"Ni dawa ya mbuzi," alijibu Marsiana. "Ukivimba tumbo, njoo."

Kicheko kilichotoka kilikuwa kikubwa kuliko utani wenyewe. Joyceline alimwamkia, akampokea mzigo, akafunga daftari ambalo hakuwa ameandika kitu ndani yake. Elick aliahidi kwamba yeye mwenyewe atamleta bwana mifugo na dawa ya kuvimba tumbo, halafu akaongeza kwamba mjadala wa leseni haujaisha. Mzee Bernardo akamwambia mjadala uendelee, ila kwanza apishe upepo, kisha akasogea kumpa Marsiana nafasi kwenye benchi. Moto ukawaka.

Gaudence alihesabu mashina mara mbili kabla hayajashika. Matatu. Akapuliza filimbi, nayo ikalia vizuri kuliko siku zote, maana kifua kilikuwa kimefunguka.

Msako ulipofika kwa Marsiana, mwenyewe alikuwa amerudi kwa bodaboda. Nyuma ya zizi walikuta mashimo matatu, na katika kila shimo kipande cha mti wa mhogo kilichochomekwa alfajiri. Joyceline alivitazama vipande hivyo, akasema mihogo itastawi sana pale, wakaendelea mbele. Gaudence alipita wa mwisho, akiutazama ua.

"Mbuzi," sauti ilisema kutoka uani.

Akasimama. Mbuzi mweusi naye akainua kichwa.

"Mwambie mkwe wangu nimemshukuru. Lakini jana alinitazama usoni. Anneth akirudi, alete jogoo wa faini. Na asiwe mdogo."