Kilti ya Thady Tuohy

Thady Tuohy alifanya kazi kwenye kiwanda kidogo cha siagi cha Knockaderra, Tipperary, akipokea maziwa ya wakulima tangu kupambazuka. Siku sita za juma alikuwa mtu wa ovaroli na buti za mpira, ananuka mtindi. Ya saba, kama bendi ya kijiji ilikuwa na mwaliko, alikuwa mtu mwingine kabisa. Alivaa kilti, sketi ya marinda ya kiume, ya rangi ya zafarani, iliyoshonwa na mama yake, soksi ndefu za kijani na koti jeusi la vifungo vya fedha, akabeba zumari lake la mfuko, akatoka nyumbani kifua mbele.

Binti yake wa pekee, Attracta, alianza kulionea haya vazi hilo alipokuwa na miaka tisa. Shuleni wasichana walimwambia, "Baba yako ana miguu mizuri kuliko mama yako!" Mmoja alipenda kuinua sketi yake ya sare kidogo na kupiga hatua za kijeshi darasani, mashavu ameyajaza upepo. Darasa zima lilivunjika mbavu. Attracta naye alicheka, maana ukicheka na wenzako wanakuchoka upesi. Akarudi nyumbani, akamkuta baba anapiga marinda pasi, akapita bila kumsalimu.

Alipokua alikwenda Cork kufanya kazi ya kupiga chapa katika ofisi ya bima. Huko akapatana na Fintan Hegarty, mwana wa mwenye duka la dawa, kijana mpole mwenye miwani. Kwao walikunywa chai kwenye vikombe vyembamba hata unaona kivuli cha kidole. Mama yake Fintan alizungumza polepole, na kila Attracta alipomjibu alijisikia ana matope ya Knockaderra ulimini. Harusi ikapangwa Septemba 1962, ifungwe hukohuko Cork.

Mwezi mmoja kabla, Attracta alikwenda kwao kuwaona wazazi. Alimkuta baba jikoni, anasugua vifungo vya koti kwa kitambaa.

"Baba, siku ya harusi utavaa nini?"

"Swali gani hilo?" Thady hakuinua kichwa. "Nitavaa kilti yangu. Na ukitoka kanisani tu, nakupulizia zumari mpaka Cork nzima ijue nimemwoza binti yangu."

Attracta alikuwa amejiandaa njia nzima ndani ya basi, lakini maneno yalimtoka ovyo. "Baba, watu wa Fintan si kama sisi. Watakucheka."

"Wacheke. Nimeshachekwa na ng'ombe."

"Sitanii! Kwani hiyo kilti ni yetu? Ni vazi la Waskoti, kila mtu anajua. Nyinyi mmeazima tu mkajifanya lenu. Watadhani tumekodi mtu wa sarakasi."

Kitambaa kilisimama juu ya kifungo. Hannie, mama yake Attracta, aliyekuwa anamenya viazi, akaweka kisu chini.

"Kila mtu anajua," Thady alirudia taratibu. "Mimi nilikuwa sijui. Baba yangu alivaa, nami nikavaa. Sikuwahi kuuliza imetoka wapi."

"Baba, ni siku moja tu."

"Sawa, mwanangu. Siku yako hiyo. Nitatafuta suti." Alilifunga lile koti ndani ya gazeti, akasema anakwenda kumwangalia punda, akatoka.

Hannie alingoja mlango ufungwe. "Tangu ulipotuandikia umechumbiwa," alisema, "amekuwa akifanya mazoezi ya zumari bandani ili asije akakuharibia hata noti moja. Umeridhika sasa?"

Attracta alisema mama haelewi mambo ya mjini. Alilisema hilo kwa sauti kubwa, kwa sababu alikuwa ameanza kuelewa alichokifanya na hakukipenda.

Siku ya harusi ilipofika, Thady alitokea na suti ya kijivu aliyoazima kwa jirani. Ilimbana mabegani, na mikono ilimwishia juu ya vifundo, viganja vyake vyekundu vikaonekana vikubwa kama makasia. Alimshika binti yake mkono, akamfikisha mbele ya padri, akarudi kukaa bila kujua mikono ile aiweke wapi.

Misa ilipokwisha, watu walisimama ngazini kupongezana. Hapo gari dogo jeusi likasimama, akashuka mzee mrefu mwenye ndevu nyeupe. Treni yake ilikuwa imechelewa kutoka Dublin. Alikuwa amevaa kilti ya zafarani, na shuka la kijani limepita begani na kubanwa kwa pini kubwa ya fedha. Magoti yake yalikuwa makavu kama kuni.

Attracta aligeuka kumtazama mama mkwe.

"Huyu ndiye Profesa Lorcan, ami yake marehemu mume wangu," mama yake Fintan alimwambia, uso unang'aa. "Niliomba Mungu aweze kuja. Bila kilti yake, harusi ya ukoo wetu haijawa harusi."

Watu walimzunguka profesa, wengine wakimshika mkono, wengine wakitaka kupigwa naye picha. Attracta alitazama upande wa pili. Baba yake alikuwa amesimama peke yake kando ya nguzo, anaivuta mikono ya koti ishuke. Haikushuka.

Hotelini, mezani, Hannie aliketishwa karibu na profesa. Kwa woga wake alizungumza kupita kiasi, na kabla ya nyama kukatwa alikuwa ameshamwambia kwamba mumewe ni mpiga zumari wa bendi. Profesa aliweka uma chini. Kabla hajasema lolote, binamu mmoja wa Fintan, mtu wa maneno, akadakia kutoka upande wa pili.

"Ami, tuambie ukweli leo. Hiyo si nguo ya Waskoti?"

Meza ikacheka. Profesa naye akacheka. "Ukweli wote? Wahenga wetu walivaa shati refu la zafarani na shuka juu yake. Kilti kama hii ni ya Waskoti wa milimani. Sisi tulipokuwa vijana tulitafuta vazi lisilo la Mwingereza, tukaiona kilti kwa jirani zetu, tukasema hii ni yetu ya zamani. Historia tuliikosea kidogo."

"Kwa hiyo si yetu!"

"Nimeivaa miaka sitini, kijana. Nimewekwa ndani nayo, nimeoa nayo. Sasa mwambie Mskoti aje anivue." Meza ikapiga makofi. Profesa akageuka. "Lakini tuna bahati leo. Bwana Tuohy, mkeo ananiambia wewe ni mpiga zumari, na bendi yenu inavaa zafarani. Mbona umekuja kama karani wa benki?"

Attracta alikitazama kipande cha nyama kwenye sahani yake, akakitazama kana kwamba kimeandikwa kitu. Alijua kwamba sasa baba atasema, na alijua kwamba ana haki ya kusema.

"Nondo, Profesa," Thady alisema. "Niliifungua kabati wiki iliyopita, nikakuta wameila yote. Wamebakiza mshipi tu."

Watu waliangua kicheko.

"Na zumari?"

"Mfuko umepasuka. Mkosi haupigi hodi mara moja kwangu."

"Pole sana," profesa alisema, na alikuwa ameumia kweli. "Tungepiga picha wawili sisi."

Thady aliinua bilauri ya wiski na kumtakia afya. Hakumtazama binti yake. Wala hakumkwepa; alimpitia tu kwa macho, kama mtu anayepita mbele ya dirisha la nyumba isiyo yake. Attracta alikuwa na neno mdomoni. Lilikuwa neno dogo: si nondo, ni mimi. Alisubiri kicheko kipungue alitoe. Kilipopungua, mtu alikuwa ameshaanza hotuba, akalimeza pamoja na nyama.

Miezi yote ya baridi hakwenda kwao. Aliandika barua za kueleza hali ya hewa tu. Mwezi Machi, sikukuu ya Mtakatifu Patriki, Fintan alisema ni aibu kuoa kwa watu na kutokwenda kuwaamkia, akamweka mkewe garini. Walifika Knockaderra bendi inashuka barabara kuu. Mstari wa mbele, mashavu mekundu, marinda yanapepea kwa upepo wa asubuhi, alikuwa Thady.

Fintan alitazama mpaka bendi ikapita. "Nondo wamemrudishia?" aliuliza.

Attracta alimweleza yote palepale kando ya ukuta wa duka la mkate. Alitarajia Fintan acheke, au amkasirikie kwa niaba ya mzee. Hakufanya hata kimoja. Alivua miwani, akaifuta, akairudisha.

"Ulidhani sisi tungemcheka baba yako," alisema. "Hata mimi. Mimi niliyekuwa nakuja kukuoa." Walipofika nyumbani akabaki nje kwenye gari.

Attracta alimkuta baba jikoni anavua soksi za kijani. Hannie aliona uso wa binti yake, akachukua ndoo akatoka.

"Baba, nimekuja kukuomba radhi. Kwa yale niliyosema hapa, na kwa kule mezani nilivyonyamaza."

Thady aliikunja soksi moja, akaiweka juu ya goti. "Mezani sikuhesabu," alisema. "Mezani mtu anaogopa. Hapa jikoni ndipo paliniuma. Siwezi kukwambia hapakuniuma."

"Najua."

"Usiku ule niliitoa kabatini nikaitazama. Nikajiuliza, kumbe miaka yote hii watu walikuwa wananicheka na mimi sioni? Mtoto wangu ndiye aliyeona." Alivua soksi ya pili. "Yule profesa alinirudishia moyo kidogo. Mtu mzuri yule. Nilitamani sana ile picha."

Attracta alilia wima, mikono imening'inia, bila kujua kama anaruhusiwa kukaa. Baba yake hakumwambia anyamaze. Baada ya muda alisogeza kiti kwa mguu wake mtupu.

"Kaa basi. Bwana wako yuko wapi?"

"Nje. Amenikasirikia."

"Ana haki," Thady alisema. "Mwite aje anywe chai."

Profesa Lorcan alikufa kabla ya Pasaka, na picha ile haikupigwa kamwe. Thady aliishi miaka kumi na mmoja zaidi, na hakulitaja jambo lile tena hata kwa utani, yeye ambaye alitania kila kitu. Attracta alikuja kila sikukuu ya Mtakatifu Patriki na kusimama mbele ya watu wote, mahali ambapo angeonekana. Baba alipopita alimtikisia kichwa kidogo, kama alivyomtikisia kila mtu wa barabara ile, kisha akaendelea kupuliza.