Mpiga gitaa wetu mashoto

...kwa hiyo nyie mlioniuliza jana kama ndoa ni tamu, ngojeni niwaambie ya leo.

Nimefungua sanduku la kaseti la mume wangu. (Mume wangu! Kwa umri huu! Wiki ya tatu na bado nalirudia neno hilo.)

Chini ya kaseti kulikuwa na picha. Mpiga gitaa wa kuchorwa, shati limepakwa buluu ya kufulia, nywele za mkaa.

Na anapiga kwa mkono wa kushoto.

Nikakaa chini.

Picha ile niliichora na shoga yangu Pili, miaka ya tisini, tukiwa sekondari. Tuliinakili kwenye kioo cha dirisha kutoka kwenye karatasi ya kaseti, ikageuka kushoto kulia bila sisi kujua. Pili alicheka: "Tumemfanya mashoto, masikini!"

Bendi yake ilipokuja mtaani kwetu Majengo tukaibandika mlangoni mwa ukumbi, tukasikiliza dansi tukiwa nje. Kesho yake haikuwepo. Nikasema Pili kaichukua. Akaapa si yeye, sikumwamini. Akahamia Inyonga tukiwa tumenuniana, na harusini kwangu hakuja.

"Niliibandua mimi," mume wangu kasema leo nilipomwonyesha, anacheka. "Nilitaka kumjua aliyeichora."

Nyie, niliyeyuka! Halafu nikalia.

Pili, nilikusingizia. Nisamehe. Kaseti zile zinalia hapa sebuleni, lakini wa kuimba naye Kilingala tusichokijua ni wewe tu.

Mwezi huu hauishi, nakuja Inyonga na mashoto wetu. Usipofungua, nitaimba hapo hapo mlangoni.