Mchanga Kwenye Reli ya Bwana

Nakiri, ujuaji wangu ndio ulioniponza. Kabla ya kuwa mtumishi wa nyumba hapa Nakuru, nilikuwa nikitia makaa kwenye injini za treni. Magurudumu yakiteleza kwenye mlima wa Mau, tulimwaga mchanga relini, na injini ikapanda.

Sasa Bwana, Mzungu wangu, ana treni ndogo ya umeme juu ya meza. Juzi ilishindwa kupanda kilima chake cha mbao, magurudumu yakizunguka bure. Jana, kabla wageni hawajafika, nikanyunyiza mchanga kwenye ile reli. Mwingine nikauweka akiba mfukoni.

Treni ikapanda na mabehewa yote sita! Wageni wakapiga makofi. Kisha mchanga ukaingia kwenye meno ya injini. Ikasaga, ikatoa moshi, ikazima.

Bwana akapitisha kidole relini. "Nani naweka mchanga hapa?"

Siku hizi za hali ya hatari iliyotangazwa na serikali ya wakoloni, ukifukuzwa kazi unarudishwa kwenu, au unatiwa ndani. Mpishi Wafula akanitazama, kisha akatazama chini.

"Bwana, haki ya Mungu, mimi sijui habari ya mchanga!"

Jasho likanitiririka. Nikachomoa leso mfukoni nijifute, na mchanga wote ukamwagika, shaaa, juu ya viatu vya Bwana.