Maneno Yaliyokatwa kwenye Leso

Mlango ule wa Crystal, mji wetu huku ughaibuni, kati ya dobi na duka la simu, nimeuona ukiwa biashara tatu, zote za mama mmoja Mchina. Nilipokuwa darasa la sita ulikuwa mkahawa wa tambi. Mkahawa mkubwa ukafunguliwa ng'ambo ya barabara, wake ukafa. Akarudi na saluni ya kucha. Zile dawa zikamkaba kifua, akakohoa mwaka mzima, akafunga. Nilipoingia sekondari alikuwa amerudi tena na cherehani mbili, kazi aliyoifanya kiwandani kwao kabla hajaolewa. Meza zilikuwa za mkahawa. Vifungo alivipanga kwenye bakuli za supu. Hakuwa mtu wa kutupa kitu.

Mama yangu alikuwa ameshampelekea vitenge vyake. Kila kitenge kina jina la kiwanda pembeni, na mama mwenyewe ndiye aliyemwonyesha kwamba likatwe. Sasa kwaya ya akina mama kanisani ilitaka magauni manane ya Sikukuu ya Mama, ya leso zilizoletwa kwa sanduku kutoka Mombasa. Kila leso iliandikwa: Mama ni nguzo, msimtikise.

"Mwenye jengo amempa fundi mpaka Juni," mama aliniambia garini. "Wateja wasipopatikana, anamtoa. Kwaya ikiridhika, kanisa zima litamfuata." Alikuwa anawahi shifti Fridley, mji wa jirani, hakuzima injini. "Mwambie maneno yakae nyuma, chini, mtu asome ukipita. Umesikia?"

"Mm."

"Mm ni nini?"

"Nimesikia, mum."

Sentensi niliipanga kwa Kiingereza kutoka mlangoni hadi mezani. Fundi alikuwa anampima mzee mmoja suruali. Akaniuliza kama magauni yawe kama yale ya mama ya vitenge. Nikatikisa kichwa kukubali, nikaacha mfuko, nikatoka.

Siku ya kujaribu, mwenyekiti wa kwaya alijigeuza mbele ya kioo mara mbili.

"Haiya! Na maneno yangu yako wapi?"

Wengine wakajitazama nyuma. Hakuna aliyekuwa nayo.

"Hii ni leso kweli, au nimevaa pazia?"

Walicheka, halafu wakaacha kucheka. Sikukuu ilikuwa Jumapili iliyofuata. Fundi alinitazama kidogo, kisha akawaambia kosa ni lake, hakuuliza. Ningependa kuandika kwamba nilisema papo hapo. Sikusema. Nilihesabu vifungo kwenye bakuli.

"Basi tuvae sare za zamani," mwenyekiti alisema, akaanza kukunja gauni. "Na vitambaa vya harusi ya mwanangu tutapeleka kwingine."

Hapo ndipo nilipomvuta mama mkono. "Mum, sikumwambia."

"Sema wasikie."

"Sikumwambia. Alidhani ni jina la kiwanda, kama kwenye vitenge."

Mwenyekiti akaacha kukunja.

"Kumbe huyu ana sauti! Na sisi miaka yote tunatafuta waimbaji."

Mama hakucheka. Alinitaka nirudie kwa Kiingereza, nikimtazama fundi. Nikarudia. Hakunigombeza, wala hakusema haidhuru. Alivuta droo akatoa vipande vinane, vimepigwa pasi na kukunjwa, kila kimoja na maneno yake mazima. Akaniuliza upande upi ndio juu, maana hasomi Kiswahili.

Nilikaa naye mchana wote. Yeye alishona, mimi nilishika ncha ya pili nikiangalia maneno yasije yakasimama kichwa chini. Mishono haikufichika, kwa hiyo aliifunika kwa utepe mweusi. Mwenyekiti alilivaa gauni la kwanza, akamgeuzia mama mgongo.

"Soma."

Mama akasoma.

"Haya. Yanasomeka. Lakini mshono nauona, nisidanganye."

Vitambaa vya harusi alivileta wiki iliyofuata, na Juni ikapita mlango ukiwa bado wa fundi. Kabla ya hapo alinipa kadibodi na kalamu nene, akataka niwaandikie wateja swali kwa lugha yetu. Niliandika: Kitu gani kisikatwe? Aliining'iniza juu ya meza. Kila mteja aliyeingia, alimwonyesha kwa mkasi, akangoja ajibiwe.