Kisasi cha Bulonza Mpiga Shabaha

Bulonza alikuwa mkata vioo katika kartie, yaani mtaa, wa Mapendo, Goma. Familia yao ilitoka upande wa Bukavu, watu wa misa ya kwanza na kwaya, na baba yake, Papa Aksanti, karani mstaafu, hakupenda jina lake litajwe barabarani. Binti alipoanza kwenda kulenga shabaha kwa karabini ya hewa, kwenye depo kuukuu ya kahawa ambako kilabu kilifanyia mazoezi, mzee alinuna. Mji umeshiba bunduki, alisema, na wewe unaongeza nyingine?

Lakini mkono wa Bulonza haukutetemeka. Kocha Dieudonné akampa mwenzi wa kupiga naye jozi, mwanamume na mwanamke: Cédrick, kijana wa mdomo mtamu na viatu vinavyong'aa. Ikaja habari ya michezo ya kwanza ya nchi za Maziwa Makuu, itakayofanyika Kampala. Watu wakasema jozi ile haina mpinzani. Ukweli ni kwamba walimsifu Bulonza peke yake, na hilo lilimchoma Cédrick kama pilipili jichoni. Tena mchumba wake, Joviale, naye alipiga shabaha, na aliitamani safari.

Basi Cédrick akaenda kwa wakubwa wa timu, akashusha sauti. "Bulonza iko na mimba. Anaficha, lakini mi ni mwenzake, najua."

Hawakumpima, hawakumwuliza. Walimtoa, wakamweka Joviale. Neno likapita sokoni, likaingia kanisani kabla mwenyewe hajalisikia. Wamama wa kwaya wakawa wanamwangalia tumboni badala ya usoni. Julien, aliyekuwa amemposa, akamtuma shangazi yake kuvunja uchumba. Na Papa Aksanti akaanza kula akiwa amempa binti yake mgongo.

"Papa, ni uongo."

"Moshi hautoki bure," mzee akajibu bila kugeuka.

Bulonza hakulia mbele ya mtu. Alikata vioo vyake, na jioni alirudi depo kupiga peke yake, huku katikati ya kila shabaha akimwona Cédrick akitabasamu.

Kisha vita vikakaribia mji, michezo ikaahirishwa, ikaahirishwa tena. Miezi ikapita na tumbo likabaki bapa. Hata wamama wa kwaya wanajua kuhesabu, wakanyamaza. Hakuna aliyeomba radhi. Wakubwa wa timu walimrudisha kimya kimya, wakampa mwenzi mpya, Chance, fundi cherehani asiye na maneno mengi, wawe jozi ya pili.

"Utaweza kusafiri gari moja na Cédrick?" kocha akamwuliza.

"Hata mukeka moja na nyoka, kocha, kama najua kesho nitamukanyaga kichwa."

Michezo ilipofanyika hatimaye kule Kampala, jozi zote mbili zilishindwa kufika fainali. Zikabaki kugombea medali ya shaba, Goma kwa Goma. Bulonza aliposikia, alicheka kwa mara ya kwanza tangu waondoke nyumbani.

Asubuhi ya shindano, karabini ya Cédrick ikaanza kuvuja. Raba inayozuia hewa ilikuwa imepasuka, na bunduki isiyo na hewa ni fimbo tu. Aliyekuwa na karabini ya aina ile, na raba ya akiba mfukoni, ni mmoja. Cédrick akamwendea, jasho likimtiririka.

"Dada Bulonza, nisaidie. Raba moja tu."

Bulonza akatoa simu, akampigia baba yake, akafungua sauti ili kila mtu asikie. "Papa, Cédrick iko na neno la kukuambia." Kisha akamgeukia kijana. "Sema ile ulisema kwa wakubwa. Sema na ukweli wake. Hapa, mbele ya bachezaji bote."

"Bulonza, tafadhali..."

"Ao piga na mudomo, si ndiyo ulizoea?"

Cédrick akasema. Alisema kwa sauti ya mtu anayemeza mchanga: mimba haikuwepo, aliibuni mwenyewe, alitaka nafasi ile iwe ya Joviale. Joviale alikuwa amesimama pale pale. Hakuwa akijua. Alirudi nyuma kidogo kidogo, kama mtu aliyegundua amesimama juu ya siafu.

Papa Aksanti akasema simuni, "Bulonza, mutoto wangu. Na mi nilimusadiki yeye."

"Najua, Papa," akajibu, akakata.

Akamtupia Cédrick raba. "Usinishukuru. Nataka bunduki yako iwe nzima, ukishindwa usipate cha kusingizia."

Jozi husimama pamoja, kila raundi kila mmoja hupiga risasi moja, na jumla iliyo kubwa hubeba pointi. Joviale alipiga vizuri, uso umekauka, bila kumwangalia mwenzake. Cédrick alianza vizuri, kisha risasi moja ikaenda kushoto, nyingine chini. Chance akapiga kama anayetunga uzi. Bulonza alipiga polepole, akifurahia kila moja, na kila mara Cédrick aliposhusha bunduki alikuta macho ya Bulonza yakimngoja. Mwisho pengo lilikuwa la aibu. Bulonza akavaa shaba yake, na mkono wa Cédrick ulionyooshwa kwake akauacha ukining'inia.

Waliporudi Goma, mama yake Cédrick alikuja Mapendo na kuku chini ya kwapa, ameandamana na katekista, kuomba msamaha. Papa Aksanti aliwaketisha kwenye viti, akataka kusema maneno ya amani. Bulonza akamkatiza kwa adabu.

"Mama, mi sina neno na weye. Kunywa chai. Lakini kuku mutarudi naye."

"Mutoto wangu, Mungu anapenda wanaosamehe," katekista akasema.

"Basi anipende vile niko," Bulonza akasema, akawamiminia chai, akaongeza sukari.